Sisaini Nisichokielewa

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi ni mzima, ila nimegombana na rafiki yako mkurugenzi, na nataka uyasikie kwangu kabla hajakupigia.

Tunatafsiri kitabu cha lifti za hospitali, kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Ukurasa wa kumi na nne unamwambia fundi alegeze kipande fulani cha breki kabla ya kusafisha. Jina la kipande hicho kiwanda kimelibuni chenyewe. Halimo kwenye kamusi yoyote, mchoro haulionyeshi, na mafundi wawili niliowauliza kila mmoja kanionyesha kipande tofauti. Basi nimeliacha kwa Kifaransa, nikaongeza kwa wino mwekundu: "Halijaeleweka. Usiguse mpaka kiwanda kijibu."

Mkurugenzi anasema mteja hana muda wa kusubiri kiwanda. Niandike tu "lever", yaani wenzo, nisaini tafsiri. Fundi akilegeza kipande kingine, kibanda cha lifti kinaporomoka na watu ndani! Sisaini ng'o.

Mwanao

9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Goti linalalamika, na mama yako amechoka kulisikiliza. Mkurugenzi kanipigia. Nimeona haya hadi masikio yamewaka. Kazi hiyo nilikuombea kwa mdomo wangu huu! Kwani lifti umeitengeneza wewe? Andika huo wenzo, mengine wakubwa watajua wenyewe. Kichwa kigumu hicho umekitoa upande wa mama yako, ambaye anasoma hapa begani kwangu na amenifinya.

Tafadhali usiniangushe.

Baba yako

11 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole kwa kufinywa.

Hao wakubwa watajua nini? Chini ya ukurasa kuna jina langu, si lao. Umenilea niheshimu watu, nami nawaheshimu, hata wale watakaoingizwa kwenye lifti hiyo wamelala kwenye machela. Ukiona haya, nenda ukaniombee radhi. Mimi siombi. Wakitaka kunifukuza, mlango naujua ulipo.

Mwanao

2 Aprili

Binti yangu,

Hujambo? Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira nawe, hasira kweli kweli.

Juzi nikavaa koti, nikaenda kukuombea radhi. Kufika, naambiwa ulishafukuzwa! Hata mstari mmoja hukuniandikia, we mtoto! Mkurugenzi akanikaribisha chai, akanionyesha ukurasa wenyewe. Wino wako mwekundu amekwisha kuufuta, kaandika wenzo kwa mkono wake. Mahali pa saini pamebaki wazi. Akasema anamtafuta mwingine wa kusaini.

Nikamwambia, "Bwana, kama una hakika, si usaini wewe?" Akacheka. Mimi sikucheka. Akaifunika kalamu, akaitia mfukoni, akaniuliza habari za goti.

Chai sikuimaliza. Mwanangu, usisaini. Hata wakija kukubembeleza na gari mlangoni, usisaini! Mama yako anasema njoo nyumbani ule, na mimi nasema hivyo hivyo.

Baba yako

10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa kukuficha, niliogopa ungelia. Barua yako nimeisoma nikalia mimi.

Aliyepewa meza yangu ni dada mpole, hata salamu anaitoa kwa kunong'ona. Wiki hii alinipigia, akaniuliza lile neno la ukurasa wa kumi na nne nililielewaje. Nikamwambia sikulielewa. Akasema, "Hata mimi." Nikamwambia basi aandike hivyo.

Ameandika. Jana naye katolewa. Sasa hivi yuko hapa kwangu na kamusi zake kwenye mfuko wa sokoni, tunakunywa chai na kumsema mkurugenzi kwa lugha tatu, na sauti anayo, kumbe! Anasema alipokuwa anakusanya vitu vyake alimsikia mkurugenzi akimfokea karani: "Waandikie hao watu wa kiwanda, waulize hilo dude ni nini!"

Mwambie mama apike vya kutosha. Tunakuja wawili.

Mwanao