Wimbo wa Nne Umenigombanisha na Mama Mdogo

Shangazi wa safu hii, shikamoo. Naomba unisaidie mapema kabla sijabeba mkasi wangu na tepu yangu na kuondoka, maana uamuzi nimeshaufanya, nimebakiza tu mtu wa kuniambia kwamba sijakosea.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke mtu mzima, nina mume na watoto, kwa hiyo usinidhanie ni msichana wa kubandika picha za wasanii ukutani. Lakini kuna mwanamke mmoja mwimbaji, sisi wapenzi wake tunamwita Mkwaruzo kwa ajili ya sauti yake, anatunga mwenyewe na gitaa anapiga mwenyewe, na miaka yote alikuwa anatupa nyimbo za kuchezeka, halafu akanyamaza kimya tukadhani ameacha muziki, mara ghafla katoa albamu mpya, na jamani Shangazi, hiyo ni albamu! Hakuna ngoma, hakuna mbwembwe, ni yeye na gitaa lake, na kwenye wimbo wa kwanza anakohoa kidogo kabla hajaanza na kikohozi chenyewe wamekiacha humo humo, nami nakwambia hata kile kikohozi nakipenda. Nimeisikiliza nikipika, nikifua, hadi nikiwa nimeachama kwenye kiti cha daktari wa meno. Mume wangu ameshakariri maneno yote bila kupenda. Shemeji yangu alithubutu kusema Mkwaruzo amezeeka na ameishiwa, na tangu siku hiyo akija kwetu anapata salamu tu, chai hapati.

Sasa kisa chenyewe. Karakana yetu inashona sare za shule kwa mashine za kukanyaga, na walioianzisha ni marehemu mama yangu pamoja na mdogo wake, yaani mama mdogo, ambaye ndiye bosi wetu sasa. Mama aliweka utaratibu ambao sijauona kwingine: mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia, na miguu yote inakanyaga kwa mapigo ya wimbo, mimi natia kola, wa pembeni yangu anatia mikono, wa mwisho anatoboa matundu ya vifungo, shati linakwenda mkono kwa mkono bila mtu kumsubiri mwenzake. Muimbishaji alikuwa mama. Alipofariki mwaka jana nikakalia mashine yake, na kuimbisha nikaachiwa mimi.

Basi na mimi nikaileta albamu kazini. Kuna huo wimbo wa nne, unaitwa "Nani Atafunga Mlango", ni wa mama mmoja ambaye kila siku alikuwa wa mwisho kuzunguka nyumba kuangalia kama milango imefungwa, sasa hayupo tena, watoto wamekaa wanatazamana, wanaulizana nani atainuka akafunge. Shangazi, huo wimbo nikiumaliza naurudia. Wenzangu nao wanaupenda, wengine machozi yanadondokea kwenye mashati, ila ni wa polepole mno, na miguu ikawa ya polepole, kazi ikarundikana, halafu yule wa matundu akazama kwenye kiitikio mpaka akatoboa matundu yasiyolingana na vifungo, ukilivaa shati bega moja linapanda na jingine linashuka, mwalimu mkuu akarudisha mzigo mzima akasema wanafunzi wake wakipanga mstari wanaonekana wote wameinamia upande mmoja.

Mama mdogo akawaka. Akasema mbele ya watu wote, "Huo wimbo sitaki kuusikia tena humu ndani. Kauimbie kwako."

Nikamwambia, "Mama mdogo, kosa ni la matundu, si la wimbo."

"Chagua. Wimbo au hiyo mashine."

Mashine ya mama yangu, Shangazi! Na si kwamba ni hasira za mashati tu, huo wimbo aliuchukia tangu siku ya kwanza, ukifika tu pale penye mlango anainuka anasema anakwenda stoo kuangalia nyuzi, na stoo hakuna nyuzi, tulishazihamishia kabatini zamani, anajifungia humo mpaka wimbo uishe. Hiyo ni dharau gani? Tena tangu mama afariki amebadilika, jioni anawahi kutoka mbio mbio, kufuli anamtupia yeyote aliye karibu, kama vile ile karakana si yake.

Mimi mama alipofariki sikupata hata nafasi ya kulia, nilikuwa na wageni wa kuwapokea na sufuria za kuosha, watu wakanisifu kwamba nimejikaza. Huyu Mkwaruzo ndiye aliyenitoa machozi, nikiwa nimeshika pasi, nikaunguza na shati. Siwezi kumwacha. Karakana ya ng'ambo ya barabara wananitaka, kule kila fundi anasikiliza muziki wake masikioni na hakuna wa kumpangia. Jumatatu nahamia, nimekaza moyo. Swali langu ni moja tu: niage asubuhi au nimalizie siku?

Ni mimi, Fundi wa Kola


MAJIBU

Fundi wa Kola, marahaba. Hutaaga asubuhi wala jioni. Tua mkoba, kaa chini.

Kwanza pole. Pole ya mama, ambayo naona wengi walikupa huku wanakukabidhi sufuria. Mtu anayesifiwa kwamba amejikaza huwa ameonewa, na kama sauti ya mwanamke mwenye gitaa ndiyo iliyokufungulia hayo machozi, mimi siwezi kukucheka. Nimeutafuta huo wimbo wa nne. Nimeusikiliza hapa ofisini, na mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nina mafua. Nikamwambia ndiyo.

Sasa nikutolee uvivu. Umepata kitu kizuri ukataka kila mtu akimeze kwa wakati wako na kwa kipimo chako. Umemnyima shemeji chai kwa sababu ya masikio yake. Umewaliza wanawake waliokuja kazini kushona. Na usinitupie yule maskini wa matundu, kwa sababu utaratibu wa mama yako unaujua vizuri kuliko mimi: miguu inamfuata muimbishaji. Wewe ndiye ulikuwa unaimbisha, kwa hiyo yale mabega yaliyopanda na kushuka ni yako. Mama yako alipokuwa anachagua wimbo alikuwa anawatazama wenzake. Wewe ulikuwa unamtazama Mkwaruzo.

Lakini hilo dogo. Kubwa ni hili, na naomba uisome upya barua yako mwenyewe, maana jibu uliliandika halafu ukalipita. Stoo haina nyuzi. Umesema mwenyewe. Mwenye karakana anajua nyuzi zake zilipo, mwanangu, haendi kuziangalia mahali zisipokuwepo. Wimbo ukifika penye mlango anainuka, anaingia ndani, anajifungia, na anatoka ukishaisha. Wewe umeita dharau. Mama yako mdogo anakwenda kulia.

Wewe umefiwa na mama, yeye amefiwa na dada. Dada aliyeanza naye kazi, wakakanyaga mashine ubavu kwa ubavu tangu hawajapata hata mteja. Halafu kila siku, kutoka kwenye mashine ile ile, anasikia sauti yako, ambayo bila shaka inafanana na ya marehemu, inauliza nani atafunga mlango. Hukuniandikia ni nani aliyekuwa anaifunga karakana jioni wakati mama yako yu hai, lakini sina haja ya kuambiwa. Ndiyo maana anawahi kutoka. Ndiyo maana kufuli linamuunguza mikononi. Aliposema "kauimbie kwako" hakuwa anamkataa Mkwaruzo wako, alikuwa ameishiwa pa kujificha. Na yeye ni bosi, nani kati yenu aliwahi kumuuliza hali?

Hata hivyo na yeye nimkanye, maana najua gazeti litamfikia: mashine ya marehemu haiwekwi rehani kwa ajili ya wimbo. Hapo mama mdogo alikosea, na aombe radhi kwa mdomo wake.

Haya, kazi. Jumatatu nenda mapema, chukua yale mashati yaliyorudi, kaa na mwenzako wa matundu myarekebishe bila kunung'unika na bila muziki. Saa za kazi imbisha nyimbo za haraka. Mkwaruzo alikuwa anazo tele kabla ya huu ukimya wake, na hazijachacha. Albamu mpya iwe ya wakati wa chakula, kwa anayetaka, na asiyetaka aachwe ale kwa amani. Shemeji mpe chai. Kuhusu sauti ya Mkwaruzo hajui kitu, lakini asife na kiu kwa hilo.

Ukimaliza hayo, subiri Jumamosi wenzako wakishaondoka. Mshike mama mdogo mkono kabla hajakimbia. Mwambie, "Mama mdogo, kaa na mimi kidogo, tumsikilize dada yako." Mashine zote ziwe zimenyamaza, na huo wimbo wa nne uucheze mara moja tu. Usimweleze habari za gitaa. Usimwonyeshe mahali pa kikohozi. Najua utawashwa na ulimi, ung'ate. Akiinuka kwenda stoo, mfuate, mkaangalie nyuzi wote wawili.

Ng'ambo ya barabara kila mtu ana muziki wake masikioni, umesema, na unadhani huo ni uhuru. Pengine ni uhuru kwa mwingine. Wewe umelelewa na mwanamke aliyefundisha chumba kizima kukanyaga pamoja, na kule ukilia hakuna atakayesikia. Umekaza moyo kuondoka. Moyo huo huo ukaze kubaki, ndiyo kazi ngumu zaidi na unaiweza.

Na mkishalia mkatosheka, zimeni taa mtoke. Usimwachie alitupe kufuli kwa mtu mwingine, na wewe usilichukue peke yako. Yeye avute mlango, wewe ufunge.