Siku Niliyotoa Siri Yako Pale Mogitu

Mume wangu, Baba Anjela,

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na juzi nimekukumbuka mpaka nikacheka peke yangu. Anjela alikuwa ananipeleka Katesh kwa gari lake, likaanza kulia kwa chini. Unajua binti yako alifanya nini? Akaongeza sauti ya redio! Nikamwambia, "Zima hiyo, mtoto wewe. Gari linakusemesha." Kumbe maneno ni yako.

Enzi masikio yako yakiwa mazima, nani angekuweza? Lile gari la kijani, la kuvuta tairi zote nne, ulilinunua wakati mradi wa wageni ulipofungwa na magari yake yakauzwa, wakati kila mtu anajifunza biashara na sisi tumeanza kuandika Manyara kwenye bahasha badala ya Arusha. Ulibeba maharage, viazi na watu. Likigonga mara moja wakati wa kuondoka, ulisema krosi ya propela, kile kiungo cha chuma kirefu kinachozungusha tairi. Likivuma na mvumo kupanda kadiri unavyokimbia, ulisema beringi ya tairi. Fundi alifungua tu pale ulipomwonyesha.

Halafu masikio yakaanza kuziba, nawe ukaficha. Niligundua siku tunapanda Gitting, chini kunagonga ko, ko, ko, na wewe unapiga mluzi wako bila wasiwasi! Nilipokugusa paja ukasimama, ukanitazama midomo, ukainamia usukani. "Usimwambie mtu, Mama Anjela. Nani atapanda gari la kiziwi?" Nikaapa. Kuanzia hapo kila siku ya mnada nikawa naketi mbele, kukusikilizia.

Lakini salamu, mume wangu! Huku kwetu watu watakusamehe mengi, si salamu. Vijana walikuamkia shikamoo kwa nyuma, ukapita. Wazee walikuuliza habari za nyumbani, ukaendelea kukagua tairi. Nikasikia kisimani, "Tangu apate gari, hata marahaba imemshinda." Iliniuma sana. Wewe uliyekuwa ukisimama njiani kuulizia mpaka afya ya ndama wa mtu! Kila siku nilirudi nyumbani na jibu mdomoni, nikalimeza.

Ndipo ikaja ile siku ya Mogitu. Jana yake tulikuwa tumezama kwenye matope ya Hirbadaw, tukalichomoa gari, likashinda juani. Asubuhi, mara tu tuliposhika barabara kavu, usukani ukatetemeka mpaka mikono yako ikarukaruka. Abiria wakapiga kelele. Tukasimama kwa fundi pale Mogitu, akainama, akasema beringi imekwisha, akafuata jeki.

Wewe tangu njiani ulikuwa umevua kiatu, unyayo umeukandamiza kwenye sakafu ya gari kupima mtetemo. "Ulisikia nini njiani?" ukaniuliza kwa sauti yako kubwa. Nikatikisa kichwa, hakuna. "Basi si beringi. Beringi haitetemi kimya. Na mbona tukienda polepole linatulia?" Ukaingia chini ya gari.

Mzee mmoja mfugaji wa Hirbadaw, aliyepanda na mbuzi wake, akaja kukusalimu hukohuko chini. Kimya. Akasalimu mara ya pili, ya tatu. Kimya. Akachukua kamba ya mbuzi wake. "Nitakwenda kwa miguu. Sipandi gari la mtu asiyejibu wazee." Wengine nao wakaanza kushusha magunia.

Nikaona jina lako linashuka pamoja na yale magunia. Nikasema, "Mzee, shikamoo. Hana kiburi huyu. Hasikii! Mwaka mzima sasa hasikii."

Ukatoka huko chini umeshika bonge la tope kavu, gumu kama tofali, unacheka. "Lilikuwa ndani ya rimu! Limeng'ang'ania upande mmoja tu, tairi likazidiwa uzito!" Kisha ukaona nyuso zetu, kicheko kikaisha. Yule mzee akaja, akakushika mkono kwa mikono yake miwili, akakusalimu upya, taratibu, ukimtazama midomo. Ukamjibu yote mpaka habari za malisho. Magunia yakarudi garini.

Usukani ulitulia mpaka Katesh. Wewe hukutulia. Siku tatu hukunisemesha! Nilikuwekea ugali, ukala umetazama ukuta. Niliogopa, nisiseme uongo, ila sikujuta. Na hata leo sikuombi radhi, ujue.

Jumapili baada ya ibada ulibaki nyuma, ukachelewa. Nilikuona kwa mbali, watu wamekuzunguka, mmoja baada ya mwingine anakushika mkono na kukutazama usoni kwanza ndipo akusalimie, na wewe unajibu, unajibu, huchoki. Ulipofika nyumbani ulikaa karibu nami jikoni. Nikasubiri kugombezwa. Ukaniambia, kwa ile sauti yako ya kusikika mpaka kwa jirani:

"Mwaka mzima, Mama Anjela! Ulikuwa unangoja nini kusema?"

Lala salama, jeuri wangu. Anjela anakusalimu, na gari lake limepona.

Mkeo,
Mama Anjela