Mbegu za Mama Zimeniishia Mikononi

Jumatano. Jua limewaka tangu asubuhi, na mimi sina raha hata ya kwenda kuchota maji.

Leo vimeanguka vitumba vitatu vya mwisho. Ganda la mbegu hakuna hata moja. Nimevikusanya kiganjani nikakaa navyo kama mwehu.

Maua haya ni ya mama. Kule Bombo, milimani kwenye baridi, yalitambaa uani kwetu kila mwaka, ya zambarau, yananukia mpaka njiani, na maganda yake yanafanana na ya njegere. Tulipohamia wote wawili kijiji hiki cha Ujamaa, huku chini karibu na Ndungu, mama alikuwa haoni tena. Akanikabidhi mbegu zote. Nami kwa pupa yangu nikazipanda zote.

Yalipochanua bila kuzaa nikasema huku hakuna nyuki. Basi nikafanya kama tunavyofanya kwenye maboga. Nikawa nafungua vitumba kwa kucha, napaka unga wa ua moja kwenye jingine kwa unyoya wa kuku. Kila asubuhi. Nikajiona mjanja!

Jana bwana shamba alipita, nikamwonyesha. Alicheka, kisha alipouona uso wangu akanieleza. Kumbe ua hili hujizalisha lenyewe, likiwa bado limefumba. Halihitaji nyuki wala mimi. Joto la huku huangusha mengi, alisema, lakini machache yangeshika.

Hayo machache nimeyaharibu mimi, kwa kuyafumbua na kucha zangu.

Mimi huyu, mwalimu wa kisomo cha watu wazima! Nina hasira na nafsi yangu.

Na leo nimeongeza kosa. Jioni mama ameniuliza, kama anavyouliza kila siku, kama maganda yamekauka. Nikasema yamekauka, mbegu ninazo. Akanyoosha mkono azishike.

Ningefanyaje? Niliingia jikoni, nikachota mbaazi, zile ndogo ndogo, nikampa.

Alizipapasa kwa kidole gumba, moja moja, muda mrefu. Mama amechambua mbaazi tangu utoto wake. Kisha akazifunga kwenye pindo la kanga, akaniambia taratibu, "Mbaazi nazo zinaota, mwanangu."

 Sijamwomba radhi bado. Kesho asubuhi nikishamwamkia shikamoo, nitaanzia wapi?