Bati Ishirini Chini ya Migomba

Kanoni,
Karagwe.
12 Mei 1983

Mpendwa Baba Mdogo Gaspari,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama Mdogo Vestina mu wazima huko Mwanza, na kwamba kifua chako kimetulia. Sisi miili haijambo. Mioyo ndiyo inayotetemeka.

Nilirudi likizo na moto wa chuo. Jumapili, baada ya ibada, nilisimama mbele ya kijiji kizima nikauliza: nchi yenye milima ya chuma kule Ludewa, yaagizaje hata bati na jembe kutoka ng'ambo? Ushuru wa forodha umepanda, fedha za kigeni zimekauka, kisha mtu anavusha kahawa yetu mtoni hadi nchi jirani ili alete bati za magendo! Nikataka kila mmoja amtaje mfanya magendo amjuaye. Walipiga makofi. Baba aliinamisha kichwa, nami nikadhani anaona haya kwa sifa zangu.

Juzi Jumanne akaja Mzee Athanasi, balozi wetu wa nyumba kumi. Akasimama shambani, akatazama migomba saba iliyogeuka manjano.

"Rwegoshora, migomba yako ina homa gani?"

"Ni wadudu tu, fukusi," Baba akajibu.

"Fukusi wanaojipanga mstari kama askari? Au inamwogopa huyu binti yako mwenye mdomo?"

Alicheka, nami nikacheka. Alipoondoka, Baba alifunua matandazo ya nyasi. Bati ishirini za magendo! Alizivusha mwezi Machi ili mvua isimnyeshee tena Bibi Stephania kitandani, baada ya kusubiri kibali cha bati za halali miaka mitatu. Msako wa wahujumu uchumi ulipoanza alizifukia upesi, akakata mizizi ya migomba. Na nani hapa kwetu asiyejua kusoma shamba la migomba?

Huko Kiruruma mtu amechukuliwa kwa bati nane tu. Mkewe hajui yuko wapi.

Bado naamini niliyoyasema. Ila sikusema kwamba nchi isiyoyeyusha chuma chake huwageuza wazee wake waaminifu kuwa wahalifu. Neno hilo lilinipita.

Nilimsihi Baba akimbilie Kaisho kwa Shangazi. Akakataa: "Nimwachie mama yangu paa la nyasi na aibu juu yake? Jumatatu najipeleka mwenyewe ofisi ya kata. Wewe ulinisema mbele ya watu. Utanisemea mbele ya watu."

Nimejaribu mara nne kuandika nitakayoyasema. Kila mara nachana karatasi. Baba Mdogo, barua hii anakuletea Fidele, dereva wa lori la kahawa, anayepanda meli kesho kuja Mwanza. Nakuomba uje kabla ya Jumatatu. Nikinyamaza pale, asimame mtu wa damu yake aseme.

Bibi anakusalimu, hajaambiwa lolote. Nisalimie Mama Mdogo na Immaculata. Mungu akufungulie njia ya maji na ya nchi kavu.

Mwanao akupendaye, na leo awahofiaye wote wa nyumba hii,

Kokwijuka