Kidevu cha Kogo Tapsubei

West Indies, Eldoret
18 Januari, 1981

Kwako Senge Rael,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mtoto wa kaka yako uliyemlea. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku mjini haina moto wa kuni wa kuifukuza. Wewe je, hujambo? Yule ng'ombe mweusi ameacha kupiga ndoo teke? Na masomo ya ngumbaru yanaendeleaje? Dereva wa lori la maziwa ameniambia kwamba siku hizi unaandika jina lako bila kutazama ubao. Nilifurahi mpaka Musimbi, yule tunayekaa naye chumba kimoja, akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Senge, nina jambo. Nimeota ndevu.

Nimesema moja kwa moja kwa sababu nikizunguka nitaishiwa na karatasi. Mwaka jana wakati wa mavuno zilikuwa chache tu chini ya kidevu, nikazipuuza. Sasa zimejaa, nyeusi na ngumu. Nilinunua wembe nikanyoa, na ikifika jioni kidevu kinakwaruza kama shamba la mahindi lililovunwa. Juzi karani wetu mkuu alisimama mbele ya mashine yangu ya taipu akasema, "Jeruto, kumbe ni wewe uliniibia wembe?" Ofisi nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaenda chooni nikalia.

Unamkumbuka Kimutai, yule mwalimu niliyekuambia habari zake Krismasi. Anataka watu wake waje kwetu kwa koito mwezi wa nane, waongee mambo ya mahari. Shangazi zake watakuwepo, na shangazi hawaji kutazama ng'ombe, wanakuja kutazama uso. Naogopa watageuka pale pale langoni. Kimutai mwenyewe hajui lolote. Nikiwa naye nashika kidevu kwa mkono, mpaka amenisifu kwamba mimi ni mtu wa kufikiri sana.

Ndipo nikakumbuka nyuma ya jiko lako. Jumamosi asubuhi, wewe umekaa kwenye gogo umeinua uso kwenye jua, mimi nimesimama katikati ya magoti yako na majivu vidoleni. Nikivuta udevu unasema "aii!" halafu unacheka, na tukimaliza unanipa mahindi ya kuchoma na kikombe cha mursik, maziwa yako ya kibuyu. Nilidhani kila mtoto duniani ana senge wa kung'oa. Leo nikisikia harufu ya mahindi barabarani, mdomo unakumbuka mursik na vidole vinakumbuka kidevu chako. Niambie, ile kazi tulikuwa tunaifanyaje? Na kitu hiki kimetoka wapi?

Ni mimi mtoto wako,
Jeruto

---

Moiben
8 Februari, 1981

Kwa mama yangu Jeruto,

Hii ni barua yangu ya kwanza tangu nizaliwe. Usicheke herufi. Ni kubwa kwa sababu nataka zionekane. Mimi sijambo. Ng'ombe mweusi bado anapiga teke, lakini tumezoeana. Umelala salama? Unakula? Mjini watu wanakunywa chai wanaita chakula.

Sasa ndevu. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu mpaka kuku wakatoka jikoni mbio. Usikasirike. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nazingoja.

Hizo si zako. Ni za mama yangu, Kogo Tapsubei, nyanya yako. Ulipozaliwa tulikaa wanawake, tukakunusisha ugoro tukiita majina ya waliotangulia, tujue ni nani amerudi, maana mtoto hupiga chafya akisikia lake. Tukaita Kobilo. Kimya. Tukaita Taprandich. Ukapiga miayo. Mimi nikasema Tapsubei, na kabla sijafunga mdomo ukapiga chafya mpaka ugoro ukamwagika. Mama yako akasema turudie, labda ni baridi tu. Alikuwa anakijua kidevu cha mkwewe! Tukamwambia chafya ni chafya, hairudiwi. Ndiyo sababu nakuita mama mpaka leo.

Kogo hakuchekwa na mtu mara mbili. Siku ya soko alikuwa anang'oa. Siku ya kazi nyingi alikuwa anaziacha. Baba alimwita "mzee mwenzangu", na walikaa pamoja mpaka kifo. Mimi ndiye nilikuwa mng'oaji wake, kama wewe ulivyokuwa wangu.

Tupa wembe. Wembe unakata shina unaacha mzizi. Chukua jivu lililopoa, lichekeche. Osha uso na maji ya moto, ukauke. Paka jivu, vidole visiteleze. Kaa kwenye jua la saa tatu. Vuta kufuata vile udevu umelala, na usivute na hasira.

Kumwambia Kimutai au kutomwambia, hayo ni yako.

Mkono umechoka. Na macho yameingia ukungu kidogo, kama Moiben asubuhi ya Julai. Utaondoka tu wenyewe.

Senge wako,
Rael. Nimeandika mwenyewe.

---

West Indies, Eldoret
26 Aprili, 1981

Kwako Senge mpendwa,

Salamu za Pasaka zimechelewa, lakini zimefika na moyo wote. Mvua imeanza huku, matope yamefika mpaka mlangoni. Mmeshapanda? Macho je?

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Musimbi naye nimemsomea, kwa sababu chumba ni kimoja na siri haina pa kulala. Anasema kwao pia wako wanawake wa namna hii, na kwamba nyanya yake alikuwa na masharubu yanayokaribia ya askari.

Jivu nimejaribu. Ulisema lililopoa, ulisema lichekechwe, lakini hukusema la kuni, kwa sababu wewe hujui jivu lingine. Mimi nina jiko la makaa. Nilipaka hilo hilo, nikang'oa nikiwa nimeketi kwenye jua, nikafuta kwa haraka nikakimbilia kazini. Karani mkuu aliponiona hakuweza hata kutania. Unga wa makaa ulikuwa umebaki, kidevu kizima kilikuwa cheusi. Nilikuwa nimefika kazini na ndevu nyingi kuliko nilizong'oa! Safari hii nilicheka kweli, Senge, na sikwenda chooni.

Sasa Musimbi ananiletea jivu la kuni kutoka kwa mama mmoja anayepika githeri huko mtaa wa Pioneer. Linafanya kazi. Lakini yeye anavuta kama anang'oa magugu. Hakuna mkono kama wako.

Koito ni mwezi wa nane bila shaka. Nitakuja mapema unitayarishe wewe mwenyewe, nikae mbele ya hao shangazi na kidevu laini. Kimutai bado sijamwambia. Kila nikifungua mdomo, kinachotoka ni habari ya hali ya hewa.

Mtoto wako,
Jeruto

---

Moiben
21 Juni, 1981

Kwa mama yangu Jeruto,

Salamu kwako na kwa Musimbi wa mkono mzito. Sisi tuko, mahindi yamefika magotini.

Utaona hati hii ni nzuri, kwa hivyo si yangu. Anayeandika ni Mwalimu Priscah wa ngumbaru. Usiogope, ameapa hatasema kitu. Na amekiri kwamba yeye mwenyewe anazo mbili.

Ule ukungu haukuondoka. Nilienda hospitali ya misheni wakaniambia ni mtoto wa jicho. Nikacheka mbele ya daktari. Miaka yote nimemwomba Mungu mtoto, na sasa ninazeeka ananipa wa jicho! Daktari wa kupasua macho hupita mara moja kwa mwaka, na wa mwaka huu ameshapita. Mpaka arudi sijui nitakuwa naona nini. Sasa hivi nikikaribia kitu sana, kwenye jua, nakiona. Ng'ombe mweusi namjua kwa teke.

Kwa hivyo nina ombi, na si dogo.

Picha ya mama yangu hakuna. Kila duka hapa Moiben lina picha ya Rais ukutani, na ni vizuri, lakini Kogo Tapsubei hakuna aliyempiga hata moja. Uso wake ulikuwa umeanza kunipotea. Halafu Krismasi ulipokuja ukainama kupuliza moto, nikaona kidevu chako kutoka upande, nikashikilia ukuta. Ulikuwa umenyoa, na bado alikuwa ni yeye. Sikusema. Nilisikia aibu, mtu mzima kumlilia mama.

Mama, usiking'oe. Acha ndevu zimee vile zinataka, halafu njoo mapema, kabla ya wageni wa koito. Nikutazame kwenye jua nyuma ya jiko mara moja tu, kisha nitakung'oa mwenyewe hata kwa kupapasa. Najua nakuomba utembee mjini na uso ambao unauficha. Najua kuna Kimutai. Ukisema hapana, sitanuna, nitaendelea kukuita mama.

Senge wako,
Rael

---

West Indies, Eldoret
12 Julai, 1981

Kwako Senge,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa bado unaniona hata nikiwa mbali na jua. Mwili wangu hauna neno. Roho ndiyo imechoka.

Sijang'oa tangu nisome barua yako. Zimemea, Senge. Ofisini nimejifunga leso kutoka kidevuni mpaka utosini, nikasema ni jino. Kila mtu ana dawa ya jino! Karani mkuu, yule yule, aliniletea tangawizi ya kutafuna, na akanihurumia mpaka nikamsamehe.

Jumapili iliyopita Kimutai akaja na mafuta ya karafuu. Musimbi alikuwa kanisani. Akaketi, akafungua chupa, akasema, "Haya, fungua hiyo leso nikupake."

Nikasema, "Jino limepoa."

"Jeruto. Jino gani linauma wiki nzima halivimbi?"

Nikafungua. Sikuwa na nguvu ya kudanganya tena, na nilifikiria wewe unavyosubiri na macho yanazidi kufifia. Alinitazama kidevuni. Akauliza, "Hii ni nini?"

Nikamwambia ni za nyanya yangu. Nikamwambia kuhusu chafya, na jivu, na picha ambayo haipo, na kwamba nimeziacha ili umwone mama yako. Nilikuwa naongea kama mtu anayekimbizwa. Mwishowe akauliza swali moja tu: "Na huyo senge, sasa macho yakiwa hivyo, yeye anang'olewa na nani?"

Nikasema sijui. Ni kweli, sijui, na sikuwa nimewahi kujiuliza.

Akaweka chupa mezani, akachukua kofia, akaondoka. Hata chai hakunywa. Tangu siku hiyo hajaja na hajatuma mtu. Musimbi anasema wanaume huenda kutafakari. Mimi naona alienda tu.

Nakuja kwako Jumamosi hii. Kama koito itakuwepo au haitakuwepo, nakuja, na ndevu zangu zote. Nampenda sana, Senge, na naumia. Lakini sijutii. Kaa kwenye gogo unisubiri.

Mtoto wako,
Jeruto

---

Moiben
2 Agosti, 1981

Kwa mama yangu Jeruto,

Ulifika salama? Mguu ulioteleza kwenye matope umepona? Mwalimu Priscah anakusalimia, ndiye anayeandika, na leo ameleta leso yake ya kufutia machozi kabisa.

Nataka ubaki na maneno haya kwenye karatasi, kwa sababu siku ile mdomo wangu ulikataa. Ulipokaa kwenye gogo ukainua uso, nilisogea mpaka pua zikakaribia kugusana. Jua lilikuwa limepita katikati ya zile ndevu. Nilimwona. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, ya miaka mingi, na yote yakanitoroka, nikasema tu, "Mama, umekuja." Nawe ukaitika, "Nimekuja." Asante kwa kuitika. Ungeweza kunicheka.

Sasa sikiliza. Ulipoondoka, Jumatatu ile ile mtu alibisha hodi. Nikamjua kwa sauti kwamba ni mgeni, na kwa viatu kwamba ni mwalimu. Akasema, "Mama, mimi ni Kimutai. Shule zimefunga. Nimekuja kuuliza hiyo kazi ya jivu inafanywa namna gani."

Nikamwambia, "Kijana, unajua wewe ni mkwe? Huwezi kunikaribia hata kivuli."

Akasema, "Koito bado, Mama. Leo mimi ni mpita njia."

Priscah, andika kwamba nilicheka. Mtu aliyesoma ana faida zake! Nikakaa kwenye gogo, nikamwonyesha kuchekecha, nikamwonyesha kuvuta. Kidevu changu kilikuwa hakijaguswa tangu macho yaharibike, kilikuwa msitu. Mkono wake ni mwepesi kuliko wa Musimbi, lakini anaomba msamaha kwa kila udevu, kwa hivyo tulichelewa sana. Alisema siku ile kwako aliondoka kwa sababu aliogopa akifungua mdomo atasema upuuzi. Mimi naona alifanya vizuri. Upuuzi ukishasemwa haurudi.

Koito ni Jumamosi. Yeye atakuja kwako Jumatano kukuambia. Barua hii ikitangulia, jifanye hujui, mwache mtu afurahie kusema. Baada ya Jumamosi atanisalimia kutoka mbali na kofia mkononi, kama heshima inavyotaka, kwa hivyo kidevu changu kinarudi kwako. Shangazi zake waje watazame wanavyotaka.

Jambo la mwisho. Nilipokung'oa, nilipapasa kila mahali mpaka ukawa laini. Lakini upande wa kushoto, chini kabisa, mahali mama alikuwa anasahau kila siku ya soko, nimeacha mmoja. Usiutafute kwa kioo. Kimutai nimemwonyesha mahali ulipo, kwa kidole kwenye kidevu changu, na nimemwambia asiuguse.

Senge wako,
Rael