Msumari Kwenye Kikasha cha Fyuzi

Rodi Kopany, 4 Machi 2024

Kwa Leonida,

Salamu. Sisi wazima, Mama anaendelea na dawa zake za presha. Natumai nawe u mzima huko Migori, katikati ya hiyo grisi yako. Simu yangu umeifungia tangu Krismasi, kwa hivyo barua hii inakuja na Cephas wa matatu.

Mimi singekuandikia. Ni Mama. Juzi tukitoka kliniki, jua limeshazama, nusura nigonge punda, maana taa ya pikipiki ya marehemu Baba inamulika kama kijiti cha kiberiti. Sasa Mama ameapa hapandi tena mpaka wewe uitengeneze. Wewe! Nimemwambia Rodi hapa tuna mafundi wanaume, hataki kusikia. Haya, tuma vitu, wanaume watafunga. Ile pikipiki ni ya 1976, si ya kujifunzia.

Kaka yako mkubwa,
Mwalimu Elkanah

Migori, 19 Machi 2024

Kaka Elkanah,

Mimi mzima, asante kwa kuuliza. Grisi hutoka kwa sabuni. Majivuno ndiyo hayatoki. Msalimie Mama sana, mwambie kazi hii nimeifanya kwa ajili yake.

Kazi ya hao wanaume wako niliiona siku tunamzika Baba: waya zimefungwa kwa karatasi ya nailoni, zingine zimemenywa kwa meno. Yawa! Na wewe mwalimu wa sayansi miaka ishirini na saba, unaikalia kila siku.

Katoni hii ina waya zote mpya, koili ya kuchaji, betri ya volti kumi na mbili, taa ya mbele ya LED, na ya nyuma inayowaka ukishika breki. Kikasha cheusi ni cha fyuzi. Fyuzi ikiungua ujue kuna kosa. Zima, litafute. Na usiongeze taa nyingine yoyote, nakujua unavyopenda kuonekana ukiingia kanisani.

Dada yako,
Leonida

Rodi Kopany, 22 Aprili 2024

Kwa Leonida,

Hatujambo. Mama anakusalimu, anasema sasa anaona njia yote.

Taa zinawaka, ulibahatisha. Ila ulinitumia taa ya mtoto. Nilishuka Isebania nikanunua mbili za lori na honi yake, na Jumapili hata kwaya iligeuka kutazama. Hako kafyuzi kako kaliungua mara tatu. Takataka. Nimekata msumari nikauweka pale, na sasa hakuna kinachoungua. Hiyo ndiyo tofauti ya mtu wa chuo cha ualimu na mtu wa politekniki. Tarehe 9 Mei nampeleka Mama kliniki, tutafika kama wakubwa.

Kaka yako mkubwa,
Mwalimu Elkanah

Migori, 6 Mei 2024

Elkanah,

Salamu baadaye. Barua yako Cephas amenipa leo. Nimekufungulia simu, nimepiga mara sita, hushiki, na ya Mama unakaa nayo wewe.

Toa msumari! Fyuzi hukatika ili waya isishike moto, na waya hizo zinapita chini ya kiti, Mama anapokalia. Wanafunzi wako wangapi walifeli kwa kukusikiliza? Tarehe 9 mpandishe matatu. Nina lori la mteja ninalolitengeneza, Jumamosi nakuja kuitazama mwenyewe.

Leonida

Homa Bay, 10 Mei 2024

Leonida,

Umemchoma Mama. Jana moshi ulitoka chini ya kiti, na kabla sijasimama moto ukashika gauni lake. Paja lote la kulia. Amelazwa. Barua yako nimeletewa leo, na haibadilishi kitu. Nimewaambia jamaa na wazee wa kanisa kwamba ni waya zako, wote wamekubali. Usikanyage hospitali.

Mwalimu Elkanah

Migori, 21 Mei 2024

Elkanah,

Nilikanyaga. Jumamosi, wewe ulikuwa kwenye mkutano wa wazee. Halafu nikaenda kuiona pikipiki. Kikasha kimeyeyuka kikagandia msumari wako. Nilimpelekea Mama akaushika. Akasema, "Alinionyesha akiuweka. Nikamsifu."

Kisha akanisihi nisiwaambie watu wa kanisa, utaaibika. Ngozi imemtoka na bado anakufunika wewe! Nimekudharau mpaka nimechoka. Nilijilaumu pia, kwamba nilingoja Jumamosi kwa ajili ya lori.

Mama nimemwahidi sitasema. Utasema wewe, Jumapili, mbele, kwa sauti ileile unayosomea matangazo. Kesho anaruhusiwa, anakuja kwangu. Ukishasema, nitamrudisha nyumbani kwake.

Leonida

Rodi Kopany, 27 Mei 2024

Dada yangu Leonida,

Mama hajambo? Anakula? Kidonda kinakauka? Hapa boma zima niko peke yangu, na majirani wananiuliza atarudi lini.

Jana nilisimama. Nikafungua kinywa, nikasema tumwombee Mama, nikaketi. Wakaitika amina. Tulipotoka, Mzee Bogonko alinishika mkono akanipa pole kwa kuwa na dada kama wewe. Nikamwambia asante.

Usimlete bado.

Kaka yako,
Elkanah