Kichwa Namba Ishirini na Nne

Jumatatu, 5 Juni 2023

Nimeficha jambo kwa miaka kumi na sita. Naliandika sasa kwa sababu moyo wangu umechoka, na daktari hakunizungusha: ni wiki, labda miezi. Katika makala yangu kuhusu ubongo wa wakulima wa Kiambere nilisema tulipiga picha vichwa vya wakulima ishirini na wanne. Walikuwa ishirini na watatu. Cha ishirini na nne ni changu — profesa asiyejua kushika jembe.

Siku ile mtu wa mwisho hakufika. Mashine ya picha kule Nairobi tulipewa hadi saa kumi tu. Nikavua saa na mshipi, nikavaa gauni la hospitali, nikalala humo ndani. Ndwiga, fundi wa picha, alicheka mpaka akashika ukuta. Sasa ni marehemu. Hakumwambia mtu.

Leo mjukuu wangu Rwamba amenisomea hesabu yake ya kila Jumatatu. Makala sitini na moja. Hiyo ya wakulima imetajwa na watafiti wengine mara 1,312. "Guka, umeongeza tisa tangu wiki jana. Na hata kitandani hujatoka." Tumecheka sana. Uji nimemaliza wote.

Jumatano, 7 Juni

Rwamba yuko Kiambere. Tasnifu yake ya uzamivu ni hii: kuwatafuta wakulima wale wale, kuwapiga picha tena, kuona umri umewafanyia nini. Amewapata kumi na saba. Anayemtaka hasa ni namba 24. Ndiye mwenye sehemu ya kumbukumbu kubwa kuliko wote, na picha yake imo katika vitabu vya vyuo.

"Huyu mkulima anakula nini, Guka?" aliniuliza akifunga begi. Nikasema labda ndengu. Niliona aibu. Nilifurahi pia, Mungu anisamehe.

Orodha ya majina nilimpa mwenyewe. Mbele ya 24 pameandikwa Wanjugu, yule ambaye hakufika. Nilidhani hatapatikana.

Ijumaa, 9 Juni

Simu ya Rwamba. Nyuma yake mbuzi wanalia. Amempata! Wanjugu ana miaka sitini na minane, bado analima mtama, na kadi ya namba 24 ameitunza ndani ya Biblia. Jumatatu anaingia kwenye mashine.

Rwamba ataweka picha mbili kando kando, kichwa cha mama huyo na changu, aandike kwamba ni mtu mmoja. Tasnifu nzima itaegemea hapo. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema, "Hongera, mwanangu."

Jumamosi, 10 Juni

Wamefika wote wawili. Wanjugu ameleta kuku hai na ndengu kilo mbili. Ameketi kando ya kitanda akanishika mkono. "Daktari, mashavu umeyaacha wapi?" Nyumba haijachangamka hivi tangu Krismasi.

Rwamba akafungua daftari, akamgeukia bibi huyo. "Cucu, humo ndani ya mashine kulikuwaje?"

"Mashine gani? Mimi sikuingia. Gari lenu liliniacha Kiritiri, nikapanda lingine. Nilifika saa tisa na nusu. Huyu akanitokea na gauni, miguu nje kama korongo, akaniambia mashine imeshiba. Nilicheka mpaka nyumbani."

Rwamba akanitazama. Nikasema: namba 24 ni mimi.

Rwamba akasema, "Kumbe ndengu ulikula wewe." Wanjugu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso, na mimi nikacheka mpaka pumzi ikanikatika, wakaniinulia mito. Sijawahi kujisikia mwepesi hivi.

Rwamba ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Ameanza kuandika barua kwa wahariri wa jarida, nitaitia sahihi. Lakini ameuliza, taratibu: "Guka, kikao kimoja ni dakika ishirini. Ilikuwa saa tisa na nusu, na mashine ilikuwa yenu hadi saa kumi. Kwa nini hukumwingiza?"

Nimeomba chai kwanza. Wako jikoni, nawasikia wakibishana juu ya sukari yangu. Nimeomba na kalamu.

Jumatatu niliandika kwamba hakufika. Hata humu nilidanganya. Alifika, na nafasi ilikuwepo.

Vikombe vinalia, wanakuja. Nitamwambia hivi: Ndwiga alikuwa amekwisha kunionyesha picha yangu. Ilikuwa nzuri kuliko zote ishirini na tatu. Sikutaka kuitoa.